Lugha Mbili, Kikao Kimoja: Hotuba kwa Watayarishaji wa Televisheni ya Mtandaoni

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri, watayarishaji wenzangu, wanafunzi, na ninyi mnaotufuatilia mubashara, nawasalimu nyote.

Nimepewa mada ambayo mabalozi huipenda kuliko watazamaji: vipindi vya televisheni ya mtandaoni vya lugha mbili, vinavyokusudia kuunganisha tamaduni za nchi mbili. Mambo haya huanza kwa shangwe. Panakuwa na uzinduzi, bendera mbili ndogo mezani, utepe wa kukata, hotuba ndefu kuliko hii yangu, na kipindi cha kwanza chenye ngoma na mandhari ya kupendeza. Ikifika kipindi cha nne, anayetazama ni aliyekihariri na labda mama yake. Nataka tuzungumze kwa nini inakuwa hivyo.

Dai langu nalitoa mapema, ili asiyelikubali apate muda wa kuandaa hoja. Kipindi cha nchi mbili hufa au huishi kutokana na nani aliketi kwenye kikao siku wazo lilipochaguliwa. Tafsiri nzuri ni jambo kubwa, na nitaifikia, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha. Lakini tafsiri haiwezi kukiokoa kipindi kilichofikiriwa na upande mmoja, kikapigwa picha na upande mmoja, kikahaririwa na upande mmoja, halafu wiki ya mwisho kikapelekwa kwa mtafsiri pamoja na ujumbe wa simu: "Tunakihitaji kesho asubuhi."

Wapo waliolifanya jambo hili kwa kufikiri, nao wamedumu. Mfano ninaourudia kila mara ni ARTE, chaneli ya pamoja ya Ufaransa na Ujerumani. Mkataba wake ulitiwa saini tarehe 2 Oktoba 1990, siku moja tu kabla Ujerumani mbili hazijaungana. Kwa upande wa Ujerumani, waliotia saini hawakuwa serikali kuu ya Bonn. Walikuwa majimbo 11 ya iliyokuwa Ujerumani Magharibi, kwa sababu kwa katiba ya nchi ile utangazaji ni mamlaka ya majimbo. Ufaransa wao mambo ya utamaduni huyaamua Paris, na aliyeshika kalamu alikuwa waziri wa utamaduni, Jack Lang. Tazameni hali ilivyokuwa: upande mmoja sahihi kumi na moja, upande wa pili sahihi moja. Hata namna ya kukubaliana haikufanana, na kipindi hata kimoja kilikuwa bado hakijarekodiwa. Matangazo yalianza tarehe 30 Mei 1992.

Makao makuu yakawekwa Strasbourg. Mji huo Ujerumani iliuchukua mwaka 1871, ukarudi Ufaransa mwaka 1918, ukatwaliwa tena mwaka 1940, ukakombolewa Novemba 1944. Mtu aliyezaliwa pale mwaka 1870, akajaaliwa umri wa kuuona mwisho wa vita vya pili, alibadilishiwa nchi mara nne bila kuhama nyumba. Waliochagua mji huo walijua wanachokifanya. Hata hivyo mimi mji haunisisimui sana. Kinachonisisimua ni kanuni za ndani, zile zisizoandikwa kwenye mabango. Urais wa chaneli hupokezanwa kati ya Mfaransa na Mjerumani. Vipindi huletwa kwa mgawo: asilimia 40 kutoka upande wa Ufaransa, asilimia 40 kutoka upande wa Ujerumani, na asilimia 20 zinazobaki hutayarishwa na makao makuu yenyewe. Uamuzi wa nini kirushwe hupita kwenye kikao cha vipindi ambamo pande zote mbili zimo. Kwa hiyo wazo la Paris halifiki kwenye kioo bila mtu wa Ujerumani kuuliza, "Na kwetu hili litaeleweka vipi?" Swali hilo huudhi. Huchelewesha kazi. Ndilo pia ambalo vipindi vyetu vingi havijawahi kuulizwa.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. ARTE hutaniwa katika nchi zake zote mbili kwamba ni chaneli ya watu waliosoma sana. Watazamaji wake wa televisheni ya kawaida ni karibu asilimia 3 ya watazamaji wote Ufaransa, na Ujerumani ni karibu asilimia 1 tu. Angekuwa mwekezaji wa biashara angefunga duka. Fedha zake karibu zote ni za umma, na hilo limeipa muda wa kujifunza ambao kampuni changa haina. Ila mtandaoni picha ni tofauti. Tovuti yake ilifikisha vipindi kwenye lugha sita, baada ya Kiingereza na Kihispania kuongezwa mwaka 2015, kisha Kipolandi na Kiitalia. Chaneli iliyoanza kwa kubishana baina ya lugha mbili ilikuwa tayari na watu, mazoea na mitambo ya kuongeza ya tatu. Ambaye ameanza na lugha moja huiona ya pili kama mlima.

Ndani ya chaneli hiyo kuna kipindi kimoja ningependa kila mwanafunzi hapa akichunguze. Kinaitwa Karambolage, kilianzishwa na Claire Doutriaux, na kimekuwa hewani tangu 2004. Ni kifupi, kama dakika kumi hivi. Hakizungumzii urafiki wa mataifa, hakimhoji waziri. Kinachukua kitu kidogo cha maisha ya kila siku cha nchi moja, kifaa cha jikoni, ishara ya mkono, desturi ya shule, alama ya barabarani, kinakieleza kama vile hakuna aliyewahi kukiona. Mara nyingi anayeeleza ni Mfaransa aliyeishi Ujerumani au Mjerumani aliyeishi Ufaransa, yaani mtu aliyewahi kushangaa. Mwishoni huja fumbo: picha ya mahali fulani, na mtazamaji anaulizwa ni Ufaransa au Ujerumani, na ni kitu gani katika picha kinachomwonyesha hivyo.

Fumbo lile ni ufundi wa hali ya juu. Mfaransa anashindwa kuitambua nchi yake, Mjerumani anaitambua kwa umbo la kitasa cha mlango. Kwa sekunde chache wote wawili wanakuwa wageni, na wote wawili wanakuwa wenyeji. Katika vipindi vyetu vya "tufahamiane", mara nyingi upande mmoja huwa mwenyeji milele, umevaa nguo za sherehe, unaeleza. Upande wa pili unatikisa kichwa na kusema "ajabu kweli". Hakuna binadamu anayevumilia kutazamwa hivyo kwa msimu mzima. Na hakuna anayevumilia kutikisa kichwa kwa msimu mzima pia.

Sasa niwape upande mwingine wa sarafu, nao uko Ujerumani vilevile. Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi na Uturuki zilikubaliana kuhusu kuajiri wafanyakazi wa Kituruki. Watu wakaenda viwandani, wengi wakabaki, wakazaa. Mwaka 1964 shirika la utangazaji la WDR la Cologne likaanzisha matangazo ya redio kwa Kituruki. Yalisaidia sana, lakini yalikuwa Wajerumani wakiwahudumia wageni kwa lugha ya wageni. Jirani Mjerumani hakuyasikiliza, na hakuna aliyemtarajia ayasikilize. Mwaka 1990 Uturuki nayo ikaanza kurusha chaneli ya TRT-INT kwa satelaiti kwa raia wake walioko nje. Madishi yakachipuka kwenye vibaraza vya maghorofa, wenye nyumba wakakasirika, kesi zikafunguliwa. Tarehe 9 Februari 1994 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba mpangaji Mturuki ana haki ya kupata habari za nchi yake, na haki hiyo sharti ipimwe ipasavyo mbele ya hoja ya mwenye nyumba anayelalamika kwamba dishi linaharibu sura ya jengo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikuja kusema jambo la jamii hiyohiyo tarehe 16 Desemba 2008, katika kesi ya familia yenye asili ya Iraki iliyopoteza nyumba yake Sweden kwa sababu ya dishi.

Naipenda sheria hiyo. Anayefikiri kwamba televisheni ya lugha ya mtu ni anasa, akasome hukumu hizo mbili. Lakini angalieni kilichotokea sebuleni. Ghorofa moja, kuta za matofali, upande huu chaneli za Kituruki, upande ule chaneli za Kijerumani, na watoto waliozungumza lugha zote mbili wakipita katikati bila chaneli yao. Kwa miaka mingi palikuwa na televisheni mbili za lugha moja. Ya lugha mbili haikuwapo. Wale watoto ndio watazamaji wa kwanza wa kitu tunachokizungumza leo, na kila nchi yenye wahamiaji inao. Mtoto aliyezaliwa na wazazi wa nchi mbili, mwanafunzi aliyerudi kutoka masomoni, mfanyabiashara anayesafiri kila mwezi, bibi anayeongea na wajukuu kwa simu ya video. Hao hawahitaji kuelezwa nchi ya pili ipo. Wanahitaji kipindi kinachobadili lugha katikati ya sentensi kama wanavyofanya wao nyumbani. Ukiwapata hao, wengine watakuja kwa kuletwa nao. Ukianza na "mwananchi wa kawaida asiyejua chochote kuhusu nchi ya pili", utaongea kama mwongoza watalii.

Kuna mfano ambao wengi wenu mnaukumbuka. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ya Tanzania, TBC, ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu mke kijana aitwaye Doudou na misukosuko yake na mama mkwe. Watu waliipenda. Machi 2013 Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam aliitaja kwa fahari mbele ya hadhira. Na alikuwa na haki ya kuona fahari, kwa sababu tamthilia ile ilikuwa imefanya jambo ambalo filamu za mapigano hazikulifanya: ilimwonyesha Mchina akiwa na mama mkwe msumbufu, kodi ya nyumba, na ndugu wanaokuja bila taarifa. Watu wakacheka kwa sababu walijitambua. Hapo nawapa heko waliotia sauti zile; ni kazi ngumu.

Ila ule ulikuwa mzigo wa upande mmoja. Mtazamaji wa Dar es Salaam alimjua Doudou. Kazi ile haikumwomba mtazamaji wa Beijing amjue mtu yeyote wa Dar es Salaam. Silaumu, maana ile ilikuwa tamthilia iliyouzwa nje, na tamthilia kuuzwa nje ni biashara halali. Nasema tu tusiiite daraja. Na tunapokwenda kuomba fedha za "kuunganisha tamaduni", tuseme wazi kama tunataka kuingiza, kutoa, au kukutanisha, kwa sababu bajeti za mambo hayo matatu hazifanani.

Niingie sasa jikoni kwetu, kwenye kazi yenyewe.

Manukuu, yale maandishi ya chini ya picha. Kanuni moja inayofuatwa sana, ambayo Netflix pia imeiandika katika miongozo yake, ni mistari isizidi miwili, kila mstari usizidi herufi 42 pamoja na nafasi, na maandishi yasikae kwenye kioo zaidi ya sekunde 7. Mara nyingi watu huongea haraka kuliko mtazamaji anavyoweza kusoma manukuu huku akiitazama picha. Kwa hiyo mwandishi wa manukuu hana budi kupunguza. Mzungumzaji akirusha maneno thelathini, yeye ana nafasi ya kumi na tano. Ni nani anaamua yapi yaanguke? Katika vipindi vingi anaamua mtu ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi, hajui kwamba mzee yule alisita kabla ya kulitaja jina la kaka yake, na analipwa kwa dakika. Mpeni mtu huyo nafasi wakati wa kuandika muswada. Atawaambia mambo madogo yenye faida kubwa: kwamba jina na cheo cha mgeni vikiandikwa chini ya kioo vitagongana na manukuu, basi vipandishwe juu, kwamba wageni wawili wakiongea kwa pamoja hakuna msomaji atakayewafuata, kwamba mtangazaji akinyamaza sekunde mbili baada ya jibu zito, msomaji hupata muda wa kulifikia. Haya hayagharimu kitu yakijulikana kabla ya kamera kuwashwa. Baada ya hapo hayarekebishiki.

Kutia sauti ni ulimwengu mwingine. Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania zimezoea kubadilisha sauti kabisa, kila mwigizaji wa nje na mwigizaji wake wa ndani. Nchi za Skandinavia na Uholanzi zimezoea kusoma. Poland wana msomaji mmoja anayesoma maneno ya wahusika wote juu ya sauti za asili, mwanamume mmoja akiwa bibi, mtoto na jambazi kwa sauti ileile tulivu. Afrika Mashariki tuna ndugu wa msomaji huyo, ila huyu wetu si mtulivu hata kidogo: msimuliaji wa filamu kama DJ Afro, anayetafsiri, anatania, anamwonya mhusika na anamtukana adui, yote kwa pumzi moja. Wasomi wamekuwa wakimdharau. Mimi naona amegundua kitu ambacho watayarishaji wa lugha mbili wanakitafuta kwa fedha nyingi: sauti ya pili inayokiri kwamba ni ya pili, inayosimama kando ya ile ya kwanza na kusemezana nayo. Kuna nafasi kubwa ya kufanya hivyo hata kwenye makala za mambo ya kweli, kwa adabu zaidi kidogo.

Ukitaka kurusha mubashara, ajiri wakalimani, na usiajiri mmoja. Ukalimani wa papo kwa papo huchosha ubongo upesi, ndiyo maana wenye fani hukaa wawili kibandani na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Tena mkalimani huwa nyuma ya mzungumzaji kwa sekunde kadhaa, na urefu wa sekunde hizo hutegemea lugha. Mjerumani anaweza kukiweka kitenzi mwishoni kabisa mwa kishazi, na mkalimani akabaki amening'inia hadi kifike. Kiswahili ni chepesi hapo, maana ukanushaji, nafsi na wakati huja mwanzoni mwa kitenzi. Matokeo yake ni kwamba vicheko haviji pamoja. Studio ya kwanza imecheka na kumaliza, ya pili ndiyo inaanza. Mtangazaji asiyejua atadhani mzaha wake umekataliwa na ataanza kuueleza. Mfundisheni angoje.

Kuhusu mitambo ya tafsiri, sitasema mengi, kwa sababu kila nitakachosema leo kitakuwa kimechakaa kabla ya mwaka kwisha. Itumieni kwa rasimu ya kwanza. Msiipe majina ya watu, nyimbo, methali, wala maneno ya mzee anayelia. Na kumbukeni kwamba Kiswahili hakitaji jinsia katika nafsi ya tatu. Ukisema "daktari alichoka", mtambo unaoandika Kifaransa au Kiingereza lazima uchague mwanamume au mwanamke, nao utachagua kwa mazoea ya maandishi uliyolishwa. Lazima mtu aliyemwona daktari huyo apitie.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo vipindi vizuri huzikwa: haki.

Hakimiliki huuzwa kwa eneo. Wimbo ulioulipia kwa nchi ya kwanza haujaulipia kwa nchi ya pili. Picha ya kumbukumbu iliyopewa televisheni haikupewa intaneti. Kila kipindi cha tamaduni kimejaa muziki, na muziki ndio wenye walinzi wakali zaidi. Tangu 2007 YouTube ina mfumo wa Content ID unaolinganisha kila video inayopakiwa na hifadhi ya kazi za wenye haki, na mwenye haki anaweza kuamua video hiyo ifungwe, au fedha zake za matangazo ziende kwake, na anaweza kuamua hivyo nchi kwa nchi. Fikirini maana yake kwetu. Kipindi chenu cha harusi za nchi mbili kinaonekana huku na kimefungwa kule. Yaani kile chombo cha kuunganisha kimewatenganisha, na hakuna aliyewatakia mabaya. Ni karatasi moja haikusainiwa. Hata ARTE, pamoja na mikataba yake yote, ina vipindi vinavyoonekana Ufaransa na Ujerumani pekee, mtu akiwa nchi nyingine hukuta kioo kimefungwa. Kwa hiyo kwenye bajeti, haki za nchi zote mbili na za mtandaoni ziandikwe mstari wa juu, kabla ya tiketi za ndege. Mkikosa fedha za wimbo maarufu, mlipeni mwanamuziki kijana awatungie. Atafurahi, na kipindi kitakuwa chenu.

Swali jingine ninaloulizwa kila mara ni kama mfungue chaneli moja au mbili. Zamani jibu langu lilikuwa mbili, kwa sababu ukichanganya lugha kwenye chaneli moja, kila mtazamaji huruka nusu ya video zako, na mfumo wa mapendekezo hudhani unachosha. Mwaka 2023 YouTube ilianza kuruhusu baadhi ya chaneli kuweka mikondo zaidi ya mmoja ya sauti kwenye video ileile, na hapo mizani ikageuka. Video moja, watazamaji wa nchi mbili, kila mmoja anachagua sauti. Faida yake kubwa mimi naiona chini ya video, kwenye maoni. Mkiwa na chaneli mbili, nchi hizi mbili zinabishana kila moja chumbani kwake. Mkiwa na moja zinakutana. Lakini basi muwe na msimamizi wa maoni anayesoma lugha zote mbili, tena anayejua matusi ya lugha zote mbili, yakiwemo yale yanayofanana na sifa.

Na msidharau watazamaji wenyewe. Mwaka 2007 ilianzishwa tovuti ya Viki, ambako watu wa kujitolea waliandika manukuu ya tamthilia za Asia kwa lugha nyingi, bila malipo, kwa mapenzi tu ya tamthilia. Mwaka 2013 kampuni ya Rakuten ya Japani iliinunua. Nitawaachia muamue wenyewe kama ni sawa mapenzi ya maelfu ya watu kuuzwa na wachache. Mimi nina maoni yangu na mnayakisia. Kilicho wazi ni kwamba mtu akikipenda kipindi, atakaa usiku kukipeleka kwa watu wa lugha yake. Wafungulieni mlango huo, wawekeeni mhariri wa kuwapitia, na muwalipe, hata kama ni kidogo.

Nimebakiza jambo ambalo waandaaji wa kongamano hili walinidokeza niligusie kwa upole. Nani analipa?

Mara nyingi ni serikali, au shirika lililo karibu na serikali, au kampuni inayotaka kuuza kitu upande wa pili. Hakuna ubaya kupokea. Ubaya ni kupokea bila kuandika. Mkataba ulioianzisha ARTE ulisema wazi kwamba chaneli itaendeshwa na wanachama wake bila mamlaka za serikali kuingilia vipindi, na hiyo ikiwa ni chaneli iliyozaliwa na serikali zenyewe. Walijua siku ya ugomvi itakuja. Nchi mbili jirani hugombana: mpaka, samaki, mpira, mwanasiasa aliyesema neno. Siku hiyo watazamaji wote wa pande mbili watafungua chaneli yenu kuona mtasema nini. Mkirusha ngoma, wamewaelewa na hawatarudi.

Kwa hiyo katika makubaliano ya kwanza kabisa, yale ya kurasa chache kabla ya mfadhili hajaja na wanasheria wake, naomba muandike mambo kadhaa kwa lugha zote mbili, na nakala zote ziwe na nguvu sawa. Wahariri wakuu ni wawili, mmoja kila nchi, na hakuna kipindi kinachopita bila sahihi za wote. Wakishindwa kukubaliana kuhusu kipindi, kinarushwa kikiwa na kauli ya kila mmoja, au hakirushwi kabisa, nanyi mchague leo ni lipi kati ya hayo. Mtafsiri anaingia kwenye orodha ya malipo siku ileile anayoingia mpiga picha. Mwisho, balozi akipiga simu, na atapiga, simu hiyo inapokewa na wahariri wote wawili kwa pamoja, si na yule wa nchi yake peke yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nimeona mikono miwili imeinuka tangu nilipomtaja DJ Afro, tuanze na hiyo.